Fangasi wa miguu kwa wanaoshinda kwenye buti

Ukitaka kujua kama fangasi wameingia, usianze na unyayo. Tenganisha kidole cha mwisho cha mguu na kile jirani yake, uchungulie katikati. Hapo vidole hubanana kuliko mahali pengine na hewa haifiki. Ngozi ikiwa imegeuka nyeupe na kulainika kama ya vidole vilivyofua nguo kutwa, ikawa inabanduka, inawasha au imechanika, kazi imeshaanza. Mlinzi anayekesha na buti, muosha magari, muuza samaki, fundi wa zege kipindi cha masika, hawa wajichungulie kila siku wanapovua viatu.

Fangasi wanaoongoza, Trichophyton rubrum, hula keratini, ile protini inayojenga ngozi ya juu na kucha. Wakipata joto na unyevu wanaota, na buti huwapa vyote viwili. Wanasafiri kwenye vipande vya ngozi vinavyodondoka sakafu ya bafu la pamoja, kwenye taulo, na zaidi ya yote ndani ya kiatu, ambako hudumu muda mrefu. Ndiyo maana mtu anapaka dawa, anapona, mwezi unaofuata anawashwa tena: ametibu mguu, kiatu akakiacha vilevile.

Kinga kubwa ni kukausha, na kukausha maana yake ni kupitisha kitambaa katika kila upenyo, kidole kwa kidole. Tenga kitaulo cha miguu peke yake. Anayetawadha mara 5 kwa siku hana tatizo na maji ya udhu. Tatizo ni kuvuta soksi wakati mguu bado unachuruzika. Kitambaa kidogo mfukoni kinatosha. Na kama tayari una fangasi, vaa soksi kabla ya chupi, maana chupi ikipita kwenye vidole huwabeba fangasi hadi kwenye mapaja na kinena. Bafuni ingia na ndala, zako mwenyewe.

Poda ya kawaida hunyonya jasho kidogo lakini haiui fangasi. Yenye mikonazoli asilimia 2 inawazuia. Nyunyiza kiasi tu, kati ya vidole na ndani ya kiatu. Ikizidi inachanganyika na jasho, inakuwa uji, na umerudi kwenye unyevu uleule.

Soksi beba pea mbili, ubadilishe katikati ya zamu. Za pamba hunyonya jasho vizuri ila zikishalowa hazikauki mguuni, kwa hiyo kusubiri hakusaidii. Kuzifua kwa maji baridi na sabuni kunatoa uchafu na harufu, fangasi wanabaki; wanahitaji maji ya nyuzi 60 au zaidi. Mimina maji yaliyochemka kwenye beseni lenye soksi za pamba, ziache mpaka maji yapoe, ndipo ufue. Anika juani zikiwa zimegeuzwa ndani nje.

Sasa kiatu, ambacho watu wengi hukisahau. Kiatu kilicholowa jasho kinahitaji angalau saa 24 kukauka, kwa hiyo ukiweza uwe na pea mbili za kupokezana. Ukivua, legeza kamba zote, chomoa soli ya ndani uiweke juani, jaza magazeti ndani na uyabadilishe yakishalowa. Buti la ngozi likae kivulini penye upepo, kwani jua kali hulipasua na kuachanisha gundi. Gambuti lisimikwe kichwa chini juu ya kijiti. Pale ambapo buti za lindo zinapokezanwa kati ya zamu, kila mtu awe na soksi na soli yake ya ndani. Hiyo ni nusu kinga tu. Mwajiri anapaswa kumpa kila mlinzi buti zake.

Dawa ikihitajika, klotrimazoli asilimia 1 hupakwa asubuhi na jioni kwa wiki 4 hivi. Kosa la kawaida ni kuacha muwasho ukiisha. Endelea wiki 2 baada ya ngozi kuonekana nzima. Tebinafini asilimia 1, kwa fangasi wa kati ya vidole, kwa kawaida humaliza kazi kwa wiki moja. Kausha kwanza, kisha paka safu nyembamba, uvuke ukingo wa kidonda kwa sentimita 2.

Soma tyubu kabla ya kulipa. Ukiona betamethasoni au klobetasoli, hiyo ina steroidi, dawa inayotuliza muwasho bila kuua fangasi: muwasho utatulia haraka huku fangasi wakisambaa chini kwa chini. Wala usipake maji ya betri. Ni tindikali; huunguza ngozi na kuacha kidonda kinachokaribisha bakteria.

Kucha iliyokuwa nene na ya njano ni ghala la fangasi, na krimu haipenyi humo. Inahitaji vidonge, mara nyingi tebinafini miligramu 250 kwa siku kwa wiki 12, kwa maelekezo ya daktari, kwa sababu vidonge hivi vinaweza kudhuru ini. Kucha mpya ya kidole gumba huchukua mwaka mmoja au zaidi kuota yote.

Mwenye kisukari asisubiri haya yote, wala asiloweke miguu kwenye maji ya moto, kwani ganzi inaweza kumfanya aungue bila kuhisi. Mguu ukivimba, ukawa mwekundu au mweusi kuliko kawaida, ukachemka na wekundu au uvimbe unapanda juu, bakteria wamepita kwenye ule mpasuko. Mwenye mguu huo, awe na kisukari au hana, aende hospitali siku hiyohiyo.