Tupa ndani ya mkate wa wishwa

Mwalimu alinipa dakika tano. Ilikuwa 1996, niko kidato cha pili, na shule ilikuwa imeandaa siku ya fasihi. Mimi nikapangiwa kughani utendi wa Fumo Liyongo, ule ulioandikwa mwaka 1913 na Muhamadi Kijumwa wa Lamu. Utendi wenyewe una beti zaidi ya mia mbili, lazima ukatwe. "Ondoa hayo ya mikate," mwalimu akasema. "Watu wanataka kumsikia shujaa." Nikachukua penseli nikapiga mistari, wala sikuona tabu.

Jioni nikawa nafanya mazoezi barazani kwa bibi, Kibokoni, Mombasa. Yeye yuko kwenye mkeka anachambua mchele, miwani imemshukia puani, nami nikidhani hanisikilizi.

"Umeruka," akasema.

"Nimeruka nini, bibi?"

"Mkate. Sasa huyo katokaje jela?"

Nikamweleza habari ya dakika tano. Hakujibu, akatoa chuya mbili tatu akazitupa pembeni. Bibi alizaliwa Lamu, akaletwa Mombasa bi harusi, na utendi ule alikuwa nao kichwani tangu utotoni bila kushika kitabu. Akanirudishia kisa kizima kana kwamba mimi ndiye mgeni wa mji. Mfalme wa Pate amemfunga Liyongo kwa minyororo. Chakula anakileta Saada, mjakazi wa mamake, na kila akija walinzi wanakula kizuri, wanamwachia mfungwa makombo. Liyongo akampa Saada ujumbe kwa mashairi ampelekee mama: afanye mkate, katikati atie tupa, kile chuma cha kukerezea. Mama akaoka mikate mizuri, na pamoja nayo mmoja wa wishwa. Walinzi wakajilia ile mizuri, huu wa wishwa wakaucheka wakaupitisha. Usiku ukapigwa ngoma ya gungu, watu wakaimba na matoazi yakalia, na chini ya kelele hizo Liyongo akakereza pingu.

"Na wewe wataka kuanza pingu zishakatika," akasema.

Hapo nikajitia kujua. Maktaba ya shule ilikuwa na Homer, mshairi wa kale wa Kiyunani, aliyefupishwa kwa ajili ya wanafunzi, nami nilikuwa nimemaliza Odisea wiki ile. Nikamsimulia Penelope, mumewe Odysseus hajulikani yu hai au kafa, nyumba imejaa wanaume wanaomposa na kumlia mali. Akawaambia wangoje amalize kufuma sanda ya mkwewe. Mchana anafuma, usiku anafumua, miaka mitatu. Bibi akasimamisha mikono. Hilo lilimpendeza.

"Nani aliyeitoa siri yake?"

"Mjakazi wake mmoja."

"Jina lake?"

Pale penye kisa cha sanda hakutajwa. Nikasema yuko mjakazi mwengine mwenye jina, Eurycleia, yule mzee aliyemwosha Odysseus miguu akamjua kwa kovu lake. Huyo alinunuliwa kwa thamani ya ng'ombe ishirini.

"Bei wameiandika," bibi akasema, "na huyu aliyetoa siri hana jina. Saada ana jina." Kisha, kama aliyekumbuka jambo jikoni: "Hebu nenda kwa fundi ukaniazimie tupa."

Nilidhani mzaha. Nikaenda kwa seremala wa mtaani, akanipa tupa ya pembe tatu ya kunolea msumeno, urefu wake kama shubiri. Niliporudi nikatumwa tena, kwa jirani mfuga kuku, kuomba wishwa. Halafu makaa. Halafu unga wa ngano kidogo, maana wa nyumbani ulikuwa umekwisha.

Mkate wa kwanza haukufika hata motoni. Wishwa haushikani, ukiufinyanga unamomonyoka, na tupa imelala ndani kama mfupa wa samaki. Wa pili aliuchanganya na unga, akaupalia makaa juu ya kifuniko cha sufuria. Ukaiva vizuri, lakini ukapasuka kwa juu, ile pembe ya chuma ikachungulia. Bibi akaukazia macho mpasuko ule muda mrefu. "Angekufa," akasema.

Mimi nilikuwa nimesoma beti zile mara nyingi na sikuwahi kujiuliza mkate wenyewe ulikuwaje. Mshairi anaupita upesi, na ni haki yake, yuaenda kwenye gungu. Lakini mtu alikaa jikoni usiku huo akapima: unga mwingi mno, mkate utapendeza na walinzi wataula, watauma chuma. Unga mchache, utavunjika mkononi mwa Saada mbele ya mlango wa jela. Lazima uwe mbaya wa kudharauliwa na imara wa kubeba. Hesabu hiyo siioni ndogo kuliko ya shujaa mwenye upinde.

Wa tatu aliukanda kwa maji ya moto, akaufanya mnene, tupa akaizungushia kwanza donge la unga mtupu, ndipo wishwa juu. Saa tano za usiku ukatoka mzima. Mzito, wa kijivu, una nyufa ndogo ndogo zisizoonyesha kitu. Tatizo lilikuwa moja tu.

"Bibi, umetia iliki."

Akanusa. Akacheka hadi akashika mlango. Mikono yake haikujua kuoka mkate bila iliki.

Kwenye shule niliurudisha mkate ndani ya utendi, nikakata vita, na kengele ikalia kabla Liyongo hajafika mwituni. Mwalimu hakufurahi. Basi.

Ila asubuhi ile kabla ya shule nilipitia kwa fundi kurudisha tupa. Akaipokea, akaitazama, akaipeleka puani.

"Mbona yanukia iliki?"

"Ilikuwa ndani ya mkate."

Fundi hakuuliza zaidi. Alinitazama nilivyosimama pale na sare na mkoba, mguu mmoja tayari njiani.

"Ahaa," akasema. "Kumbe wewe ndiwe Saada."

Akapangusa chembe za wishwa kwenye meno ya tupa kwa kidole gumba, akarudi kwenye msumeno wake.