Siku moja maishani mwangu: nakodisha baiskeli kisiwani Porquerolles

Saa 11:10 alfajiri. Kabla sijanawa uso nafungua simu kuangalia ramani ya moto. Majira ya kiangazi, kila jioni mkoa wetu wa Var hutoa rangi ya hatari ya moto ya kesho yake. Ikiwa nyekundu, msitu wa kisiwa unafungwa, na wageni wanabaki kijijini na kwenye fukwe za jirani. Leo ni njano. Alhamdulillahi.

Naishi Hyères, kusini mwa Ufaransa, lakini kibarua changu cha msimu kiko ng'ambo, Porquerolles. Kuvuka maji kwenda kutafuta riziki nimekuzoea tangu utotoni. Mimi ni mzaliwa wa Chole, kile kisiwa kidogo cha Mafia, na kwetu hata ukiugua jino unapanda chombo kwenda Utende, kwenye kisiwa kikubwa.

Saa 1:30 asubuhi. Boti inang'oa nanga kwenye gati la La Tour Fondue. Safari ni kama robo saa tu. Asubuhi hii abiria ni sisi wafanyakazi: wapishi, waokaji mikate, wahudumu wa hoteli, kila mtu na kikombe chake cha kahawa. Kisiwa kinaonekana chote, urefu wake kilomita 7 na upana kama 3, kijani kibichi kutoka ncha hadi ncha.

Saa 2:00. Tunafungua duka. Bosi wangu, mzee aliyezaliwa hapa hapa, anakagua breki na mimi nakagua tairi. Changarawe za Porquerolles hazina huruma na mpira. Jana peke yake nimeziba viraka tisa. Magari ya wageni hayaruhusiwi kuvuka, kwa hiyo ni miguu yako au baiskeli.

Saa 3:30 hadi saa 6:30 mchana sina nafasi ya kukaa. Boti zinafuatana, foleni inafika uwanjani karibu na kanisa. Kwa kila mgeni naishusha siti au naipandisha, kisha namwonyesha ramani. Fukwe za mchanga ziko upande wa kaskazini. La Courtade iko karibu, nzuri kwa wenye watoto. Plage d'Argent iko magharibi, mchanga mweupe. Notre-Dame ni mbali kidogo, kama kilomita 3 na nusu, na ndiyo nzuri kuliko zote kwa macho yangu. Upande wa kusini ni majabali yanayoshuka wima baharini, huko unatembea kwa miguu. Sigara ni marufuku ukishatoka kijijini, maana misonobari hii imejaa utomvu na upepo mkali wa huku, mistral, ukivuma, cheche moja inatosha.

Nayasema haya zaidi ya mara mia kwa siku na sijayachoka. Naamini mtu akielewa kwa nini, atatii.

Wageni wengine huniuliza kwa nini walikosa tiketi ya jana. Tangu kiangazi cha 2021 boti haziruhusiwi kuleta zaidi ya watu 6,000 kwa siku. Kabla ya hapo, siku za kilele walipita 10,000, kwenye kijiji chenye wakazi mia chache. Bosi anasimulia jinsi ufukwe ulivyokuwa haukanyagiki na vyoo vikizidiwa. Yeye mwenyewe ni mfanyabiashara, kila mgeni ni pesa kwake, na bado anasema ukomo ule ulichelewa.

Saa 7:45 mchana. Nakula mkate na jibini chini ya mkaratusi, nyenje wanapiga kelele hadi masikio yanauma. Nampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Namweleza habari ya ukomo wa watu, na hashangai hata kidogo. "Si kama sisi tunavyofunga mwamba?" Ni kweli. Kwetu Mafia wavuvi hukubaliana kuufunga mwamba miezi kadhaa ili pweza wakue, na siku ya kuufungua kila mtu huteremka na mshikio wake wa kuchomea pweza. Mama alikuwa mmoja wa wanawake waliobishana sana mwanzoni, maana pweza ndiye ada ya shule. Leo ukiugusa mwamba uliofungwa utakutana naye.

"Na huko kuna samaki gani?" ananiuliza. Namwambia chewa wapo, wakubwa, tangu 1993 hairuhusiwi kuwapiga mkuki kwenye pwani ya huku bara, wamerudi kwa wingi. Anataka kujua kama na tasi, wale samaki wa kwetu wanaokula nyasi za bahari, wapo. Sina jibu. "Basi kaangalie," ananiambia.

Saa 9:15 alasiri. Mama mmoja anarudi mapema na wanawe wawili, amekasirika. Anasema ufukwe ni mchafu, umejaa majani meusi yanayonuka, na kwa nini hakuna anayeyazoa? Nimeshazisikia lawama hizi mara nyingi, na ndizo ninazozijibu kwa moyo wangu wote.

Yale si takataka. Ni majani ya posidonia, nyasi za bahari ya Mediterania. Si mwani; ina mizizi, ina maua, ina matunda. Inakua polepole ajabu, kama sentimita moja kwa mwaka, kwa hiyo nanga ya boti ikilima shamba lake, wajukuu wetu ndio watakaoona kovu likifunga, pengine na wao wasilione. Inalindwa na sheria ya Ufaransa tangu 1988. Majani yake makavu yakilundikana ufukweni yanakuwa ukuta: mawimbi ya kipupwe yanapiga majani badala ya kubeba mchanga. Ukiyazoa yote leo, baada ya miaka michache hutakuwa na mahali pa kutandika taulo.

Naye ananisikiliza. Mtoto wake mdogo anatoa mfukoni mpira wa nyuzi za kahawia, mwepesi kama pamba, kaokota pale pale. Namwambia ndiyo posidonia yenyewe, bahari imeiviringisha. Macho yanamtoka. Mama yake anaomba baiskeli tena kwa saa moja.

Saa 11:00 baiskeli zinarudi. Naosha, nahesabu, natia mafuta cheni. Moja haipo.

Saa 12:20 jioni. Simu inalia: cheni imekatika Notre-Dame, mgeni amerudi kwa miguu ili asikose boti. Bosi ananituma kuifuata. Njia inapita kati ya mashamba ya mizabibu, ambayo hapa yanasaidia pia kukata moto usivuke msitu. Bustani za mizeituni na mitini ziko upande ule mwingine, wanahifadhi mbegu za kale, siku nyingine nitawaandikia habari zake.

Notre-Dame hakuna mtu. Lundo la majani limesimama hadi magotini. Baiskeli imeegemezwa kwenye msonobari. Bado nina saa nzima kabla ya boti yangu, kwa hiyo navaa miwani ya kuzamia na kuingia.

Mchanga unaisha ghafla na nyasi zinaanza, ndefu, zinalala upande mmoja kisha mwingine kama shamba la mpunga. Kundi linapita chini yangu, samaki wa fedha wenye mistari ya dhahabu, vichwa chini, wanakata majani na kutafuna. Saupe, ndivyo wanavyoitwa huku. Najikuta nacheka ndani ya maji.

Saa 2:15 usiku, ndani ya boti, nywele bado mbichi, namrekodia mama ujumbe wa sauti: si tasi hasa, mama, lakini wanachunga nyasi vile vile.