Nilimnyonyesha nikiwa na korona

Juzi jirani yangu mwenye kifua aliambiwa amwachishe ziwa mtoto wa wiki mbili, nikapandwa na hasira zilezile za mwaka 2021. Mimi nilinyonyesha nikiwa na korona yenyewe.

Kifua kilinianza siku tatu baada ya harusi ya mdogo wangu hapa Dar, mwezi Agosti, mimba ina wiki 33. Wakati ule watu hawakuutaja ugonjwa kwa jina. Ukiuliza marehemu aliumwa nini unajibiwa "changamoto ya upumuaji". Chanjo ndiyo kwanza zimeanza, Rais Samia alichanjwa Julai 28, lakini mtaani niliambiwa mjamzito asiguse. Nikasubiri, na hilo najilaumu mpaka leo.

Nyumbani tulianza na nyungu. Wifi yangu alichemsha mwarobaini, mchaichai, mkaratusi na malimau, akanikalisha kwenye kigoda, akanifunika blanketi. Alifanya kwa mapenzi, na nyumba nyingi zilifanya vivyo hivyo. Haikupita muda masikio yakaanza kuvuma, jasho likageuka la baridi, nikatolewa nimeshikwa kwapa. Nilikuwa na homa tayari, tukaiongezea moto. Kilichonitisha kuliko vyote, mtoto aliacha kucheza. Nililalia ubavu wa kushoto, kiganja tumboni, simjibu mtu, mpaka karibu na adhuhuri alipopiga teke. Sikurudi tena chini ya blanketi. Mjamzito mwenye homa apewe maji na parasetamo, na apelekwe hospitali.

Baba watoto akanunua kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidole, kama laki moja hivi, bei zilikuwa zimeruka. Hapo tulipoteza siku nzima. Mikono yangu ilikuwa bado na piko la harusi, jeusi tii mpaka kwenye kucha. Kipimo kinaonyesha vistari, mara 99, mara 81, mara kinazima. Tukabadilisha betri. Akakirudisha dukani, muuzaji akajipima mwenyewe, kizima kabisa. Usiku nimekaa ukingoni mwa kitanda nikatazama miguu yangu: maua yameishia juu ya unyayo, kucha hazikupakwa. Nikakibana kwenye kidole cha pili cha mguu. 95! Kipimo kile hupitisha mwanga kwenye nyama ya kidole, na piko jeusi huuzuia. Kama umejipamba, tafuta kidole kisicho na rangi.

Tukashangilia, baba watoto akampigia simu mkunga mmoja mstaafu wa mtaani kwetu. Hakushangilia. Akasema, "Mwambie atembee humo chumbani, ahesabu mpaka sitini, apime tena." Nikatembea. 90. "Mwanangu, usilale nyumbani leo." Nilipokuwa nimekaa nilionekana mzima; kutembea kidogo tu ndiko kulikonifichua, na tumbo la wiki zile limeshayabana mapafu kwa chini. Pimeni mkiwa mmetembea, jamani, na msingoje midomo ibadilike rangi.

Hospitali nikawekewa oksijeni, nikachomwa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto. Baada ya siku tano uchungu ukaja wenyewe. Wa kiume, kilo mbili na kidogo.

Nesi wa zamu akataka kumtenga. Eti maziwa yangu yana virusi, tukanunue ya kopo. Nilikuwa nahema kwa shida lakini nilikataa. Bahati daktari wa zamu ya asubuhi alikuwa anaujua mwongozo wa Shirika la Afya Duniani: mama anyonyeshe, avae barakoa, anawe mikono kabla ya kumshika mtoto. Ugonjwa hutoka kwenye pumzi, na maziwa yana kinga anayoihitaji.

Alikuwa mdogo, hana nguvu za kuvuta. Nilikamua yale maziwa ya mwanzo, ya njano, mazito, tone kwa tone kwenye kijiko cha chai kilichochemshwa, nikamgusisha mdomoni mpaka alipoanza kuramba mwenyewe. Kisha nikamfunga kifuani kwa khanga, ngozi kwa ngozi, mtindo wanaouita kangaruu, uso wake umegeukia pembeni. Mama alinishonea barakoa za kitambaa sita. Ikilowa tu natoa, naivaa nyingine, maana barakoa mbichi si barakoa. Nilipotaka kulala, kikapu chake kilikaa upande wa miguu yangu, mbali na pumzi zangu, dirisha wazi. Alipimwa, hana.

Wiki sita baadaye nilimpeleka kliniki kwa chanjo zake, nami nikachanjwa palepale, ile ya dozi moja, naye yuko kwenye ziwa. Mzani ulisoma kilo tatu na nusu. Nesi wa kliniki aliponiuliza anatumia maziwa gani, nilimwonyesha kifua.