Si ya Waskoti, na haipulizwi kwa mdomo

Haipiti wiki bila mgeni wetu mmoja hapa Dublin kurusha klipu ya mtu anapiga bagpipe (zumari ya mfuko wa upepo) baa na kuandika "Waskoti noma". Jamani! Waskoti ni wale wa sketi, wanasimama nje, mashavu yamevimba. Huyu wa Ireland ameketi kitini, mdomo hauna kazi. Upepo unatoka kwenye mvukuto uliofungwa kiunoni, kiwiko cha kulia kinaubana, unajaa kwenye kiriba kilichobanwa kwapa la kushoto. Ndiyo maana ikaitwa uilleann, yaani ya kiwiko.

Mpiga zumari wa Lamu ataielewa upesi, maana bomba la kuchezea lina ulimi maradufu (vipande viwili vyembamba vinavyotetema na kutoa sauti) kama la kwake. Ila wa kwake hulowa mate. Huu wa matete haukutani na pumzi ya mtu, unakaa mkavu. Utamu wote uko hapo, na balaa lote pia. Chumba cha kupanga chenye hita usiku kucha (hiyo bili nayo tuiache) kinatosha kuupinda ulimi mpaka noti ya chini igome.

Kupanda oktava ya pili (noti zilezile kwa sauti ya juu zaidi): ziba matundu yote, kandamiza mguu wa bomba juu ya kipande cha ngozi pajani, ongeza presha kidogo, kisha fungua. Presha ikipungua unaporomoka oktava ya chini mbele za watu.

Mnaotaka kuja kujifunza, msikimbilie seti kamili, ile yenye mabomba matatu ya mvumo wa noti moja usiokatika na matatu mengine ya vibonyezo yanayoguswa kwa ukingo wa kiganja cha kulia. Kwa pesa hiyo nyumbani unavuta Vitz. Anza na seti ya mazoezi: kiriba, mvukuto, bomba moja. Za bei ya kutupwa mtandaoni ziache hukohuko. Pita kwanza Na Píobairí Uilleann, chama cha wapigaji cha tangu 1968, Henrietta Street.

Na sauti ikikwama usiguse ulimi kwanza! Jaza kiriba, ziba bomba, kandamiza. Kikinywea, upepo unavuja kwenye maungio. Ongeza uzi uliopakwa nta. Wanaoanza kukwangua ulimi huua ulimi mzima.

Wenyewe husema mpigaji huiva kwa miaka 21: 7 ya kujifunza, 7 ya mazoezi, 7 ya kupiga. Uraia wa Ireland unaomba ukifikisha miaka 5.