Ukuta wa hempu na chokaa: ninavyoupiga mpaka ukauke

Kazi yangu kubwa huku Aube, Ufaransa, ni nyumba kongwe za fremu ya mwaloni zilizojazwa udongo na majani makavu. Nyingi zilishazibwa kwa sementi kila udongo ulipobomoka, na hapo ndipo mbao zilipoanza kuoza. Mvua hupenya kwenye ufa mwembamba kati ya ubao na sementi, na ikishaingia haina pa kutokea. Nikipewa nyumba ya namna hiyo nabomoa sementi yote na kuweka chenga za hempu zilizochanganywa na chokaa.

Hempu ni bangi ya kiwandani, ile isiyolevya. Umoja wa Ulaya hauruhusu izidi asilimia 0.3 ya THC, kile kilevi cha bangi. Nyuzi za ganda zina wateja wake wengine. Sisi wajenzi tunataka kiini cha shina, kikavu na chepesi kama boflo, kilichokatwa vipande vifupi na kupepetwa vumbi. Gunia la kilo 20 hujaa lita 200 hivi.

Watu hudhani ugumu uko kwenye kuchanganya. Huku ugumu wa kwanza ni bima. Sheria ya Ufaransa humwajibisha mjenzi kwa kazi yake miaka 10 baada ya kuikabidhi, na kampuni ya bima ikiona kitu isichokijua hukataa au hupandisha bei. Hapo ndipo jumuiya ya Construire en Chanvre ilipotufaa. Ilianzishwa 1998, na ndani yake wamo wakulima, wenye viwanda vya kuchambua mashina, watengenezaji wa chokaa, wasanifu na mafundi. Mwaka 2007 ilitoa kanuni za kazi, ikazirekebisha 2012, na kwa kanuni hizo bima huuhesabu ukuta wa hempu kuwa kazi ya kawaida badala ya jaribio. Kwa maoni yangu kijitabu kile kimeuza hempu kuliko maonyesho na vipeperushi vyote.

Kabla sijanunua hata gunia moja, naomba cheti cha majaribio cha chokaa ile na hempu ile zikiwa pamoja. Cheti cha kila moja peke yake hakitoshi, maana mashina yana sukari na vitu vingine vinavyochelewesha chokaa kuganda, na kila zao lina tabia yake. Sementi tupu ndiyo huathirika vibaya zaidi. Kwa ukuta, kanuni zinataka nguvu ya mgandamizo isipungue megapaskali 0.2, kwa sakafu 0.3, kwa paa 0.05 yatosha. Zege la kawaida la nyumba hufika 25. Basi asikudanganye mtu kwamba ukuta huu unabeba dari: mzigo wote unabebwa na mbao, hempu inajaza na kuzuia baridi.

Kipimo changu cha ukuta ni gunia moja la hempu la kilo 20, chokaa iliyotengenezwa kwa kazi hii kilo 44, na maji lita 60 mpaka 65. Mita moja ya ujazo hula magunia matano na nusu. Ukuta wa mita 20 za mraba wenye unene wa sentimita 20 ni mita nne za ujazo: magunia 22 ya hempu, karibu tani moja ya chokaa, na maji lita 1,300 na zaidi. Hiyo namba ya maji ndiyo ya kukariri. Chokaa inachukua sehemu ili igande, mengine yote lazima yatoke kwa hewa.

Mashine ya zege ya pipa inafaa kama hakuna nyingine, ila hukunja mchanganyiko kuwa madonge. Nalilaza pipa karibu sambamba na ardhi, natia maji kwanza, kisha chokaa mpaka iwe uji, halafu hempu kidogo kidogo. Mashine ya sinia yenye mapanga hufanya kazi safi zaidi. Kila chenga inatakiwa ivae chokaa pande zote. Ukiona rangi ya mti bado inachungulia, endelea kuzungusha.

Kisha napima kwa mkono. Nikiwa na glavu nafinya tonge: likae umbo lake bila kuchuruzika, na nikilisukuma kwa kidole gumba livunjike vipande viwili au vitatu. Likimomonyoka kama mchanga, maji hayakutosha, na hili ndilo kosa baya kuliko yote. Hempu hunywa maji haraka, chokaa inabaki na kiu, na miezi baadaye ukitoboa ukuta unatoka unga. Hakuna dawa hapo ila kubomoa. Maji yakizidi, uji wa chokaa hushuka chini ya boksi la mbao tunamomwaga ukuta, ukuta huchelewa kukauka na kuvu hupata makao. Napima pia uzito: ndoo ya lita 10 iliyoshindiliwa kama ukutani inatakiwa iwe kati ya kilo sita na saba.

Ukuta hauanzi ardhini. Naacha angalau sentimita 20 za mawe au tofali juu ya usawa wa nje, na juu yake kizuizi cha unyevu. Nyaya za umeme zinapita kwenye mabomba kabla ya kumwaga, fremu za madirisha zinafungwa kwenye mbao, na alumini yoyote inafunikwa kwa sababu chokaa mbichi huila. Huila ngozi vilevile: glavu ndefu, miwani, na barakoa wakati wa kufungua magunia.

Boksi la mbao nalifunga kwa kimo cha sentimita 60 hivi, nimwage tabaka za sentimita 15 mpaka 20. Pembeni na kuzunguka nguzo nashindilia kwa kipande cha ubao; katikati nasawazisha tu kwa mkono. Fundi aliyezoea zege hapa huharibu kazi, maana kila akishindilia anatoa hewa, na hewa ndiyo inayozuia baridi. Hata ukifanya vizuri, kwa unene uleule pamba ya glasi inazuia baridi zaidi. Hempu naichagua kwa sababu inajaza kila upenyo wa fremu iliyopinda na inapitisha mvuke bila kuozesha mwaloni. Boksi nalifungua siku hiyohiyo au kesho yake. Kulisahau wiki nzima ni kufuga kuvu.

Huku kaskazini simwagi baada ya Septemba. Chini ya nyuzi 5 chokaa haigandi ipasavyo, na barafu ikiukuta ukuta bado mbichi, uso wake hubambuka. Madirisha yanakaa wazi pande mbili ili upepo upite. Mwenye nyumba asilete hita ya gesi: nayo hutoa mvuke, basi unakausha na kulowesha kwa wakati mmoja. Ukuta wa sentimita 20 unahitaji wiki sita au nane za hali nzuri, na wa 30 zaidi ya hapo. Kinachoamua ni kipima unyevu kikiingizwa ndani, kwa kuwa uso hukauka mapema na kudanganya.

Lipu ni chokaa na mchanga, pengine na hempu laini, na rangi ni ya chokaa. Wazee wa Lamu na Unguja wa kuta za mawe ya matumbawe hawangehitaji kuelezwa. Kuta zao nazo huharibika zikipigwa lipu ya sementi. Rangi ya plastiki hufanya madhara hayohayo, ikatoka malengelenge mwaka wa kwanza.

Mwisho kuna suala la makabati ya jikoni. Skrubu haishiki kwenye hempu, inataka nguzo. Kwa hiyo kabla ya kumwaga napiga picha fremu nzima, futikamba ikiwa imenyooshwa sakafuni, na picha hizo namwachia mwenye nyumba pamoja na vyeti vya bima.