Picha nyeusi na nyeupe za karibu za wanyama: waya upotee, giza libaki

Pale Kisumu Impala Sanctuary, hifadhi ya wanyama kando ya Ziwa Victoria, anza na swala pala, maana wanazurura nyasini bila waya wa uzio. Wengi humlenga usoni, ilhali picha yenyewe iko nyuma: mstari mweusi kwenye kila paja na wa tatu mkiani. Jaza fremu kwa hiyo mistari mitatu, na mtu atakodoa macho kabla ya kujua anatazama nini. Pembe za dume nazo, zenye pingili kama za muwa, zinatosha peke yake.

Kwa simba na chui, walio nyuma ya wavu, kazi ni kuufuta waya. Tumia lenzi ya milimita 300, fungua apacha (tundu la lenzi linaloingiza mwanga) hadi mwisho, f/4 au f/2.8 ukiwa nayo, maana namba ndogo ndiyo tundu kubwa, kisha ngoja. Chui aliyeegemea wavu hapigiki. Akilala mita kadhaa nyuma ya wavu, waya unayeyuka. Tafuta kipande cha wavu kilicho kivulini, kwa sababu waya uliopigwa na jua hutandaza ukungu mweupe juu ya picha, na ukungu huo hausafishiki vizuri baadaye. Flashi huleta balaa hilo hilo. Tena usivuke kizuizi ili usogee. Simba si paka wa jirani.

Fokasi ya kamera hupenda kunasa waya. Chagua nukta moja, iweke jichoni, na ikikataa zungusha lenzi kwa mkono. Kwa milimita 300 na f/4, mnyama akiwa mita 5, sehemu iliyo kali (isiyo na ukungu) ni sentimita 6 au 7 tu kwenye kamera ya sensa kubwa (full-frame). Simba akikutazama moja kwa moja, jicho likiwa kali pua imeshapotea. Akigeuza uso ubavu, jicho, sharubu na shavu vyote vinaingia. Anayezungukazunguka anataka shata (kasi ya kamera kufunga mwanga) ya 1/500 ya sekunde. ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ikipanda hadi 3200, acha ipande. Chembechembe kwenye picha nyeusi na nyeupe si aibu.

Giza la nyuma hupatikana palepale, si kwenye kompyuta. Mnyama awe kwenye mwanga, nyuma yake pawe kivuli. Pima mwanga usoni pake, kisha punguza stopu moja au mbili (kila stopu hukata mwanga nusu). Saa sita jua la Kisumu liko utosini na jicho linazama kwenye kivuli cha paji. Njoo saa moja hadi saa tatu asubuhi, au alasiri wingu likitanda. Jicho lisilo na nukta ya mwanga ndani yake huonekana limekufa, hata likiwa kali namna gani.

Piga faili ghafi (RAW) lenye rangi, ubadilishe kuwa nyeusi na nyeupe baadaye kwenye kompyuta. Hapo ukipandisha mwangaza wa njano na chungwa, manyoya ya simba yanang'aa; ukishusha kijani, majani yanageuka giza. Ukizidisha, kingo za manyoya huota mstari mweupe wa ajabu. Punda milia hana rangi ya kuchezea, kwake ni mwanga tu.

Ukipeleka studio kuchapisha, waambie wazime marekebisho ya otomatiki, la sivyo mashine italifanya giza lako kijivu. Chapisha moja ndogo kwanza uikague mchana, nje: karatasi ya picha za rangi mara nyingi huipa picha nyeusi na nyeupe ukijani kidogo, na chini ya taa ya dukani hutauona.