Hasara inauma kuliko njaa

Jana jioni tukiwa kahawani Ngamiani, mzee mmoja alisema vijana wanaingia kwenye ugaidi kwa sababu ya njaa. Nami niliamini hivyo, mpaka nilipowasoma wanasaikolojia Kahneman na Tversky (1979): kupoteza elfu kumi kunauma kuliko raha ya kuipata, na aliyekwisha kupoteza hujitosa kwenye hatari ambayo wewe na mimi tungeikwepa.

Utafiti wa 2017 wa UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, uliwahoji waliojiunga na makundi ya kigaidi Afrika. Asilimia 71 walitaja vitendo vya serikali, kama kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki, kuwa ndivyo vilivyowasukuma.

Nilipomweleza hayo, yule mzee akanyamaza, kashata mkononi haijaumwa. Kisha: "Yule mjukuu wangu, tangu kaka yake akamatwe, nani amekwenda kukaa naye?"

Leo baada ya Alasiri nakwenda.